Aliyekata Kitovu cha Siasi

Siasi alivua samaki wake wa kwanza, na hakukuwa na mtu wa kumpa.

Kwingine samaki wa kwanza wa mtoto huliwa na mambo yakaisha. Kwetu kaskazini, kwenye barafu, haiendi hivyo. Windo la kwanza, liwe samaki au ndege, ni haki ya mtu aliyemkata mtoto kitovu. Huyo ndiye aliyemtenga na mama yake akamtia duniani, akamnenea neno lake: huyu atakuwa na mikono myepesi, huyu hataogopa baridi. Mtoto akipata windo, anampelekea. Naye hupiga kelele za furaha, humng'ata samaki mbichi palepale, humsifu mtoto mpaka majirani wachoke. Siku hiyo mtoto hujua kwamba yeye ni mtu kati ya watu.

Siasi alikuwa na miaka saba. Alimvuta samaki huyo kwenye tundu la barafu ziwani, mwezi wa nne, jua likiwaka juu ya theluji hadi macho yauma. Alimburuta mpaka nyumbani kwa uzi uleule wa kuvulia, akasimama mlangoni, mashavu mekundu.

"Mama! Nampelekea nani?"

Aliyeitwa mama ni Maata, na Maata kwa hakika ni bibi yake, mzaa baba. Ni mwanamke ambaye hajawahi kukosa la kusema, hata kanisani. Safari hii alikosa.

Basi akafanya wanachofanya watu wote wa kijiji hiki wakikwama. Akapiga simu redioni.

Redio yetu ni chumba kimoja kando ya duka la ushirika. Inatangaza glavu zilizopotea, siku za kuzaliwa, nani ana nyama ya kugawa ya sili, mnyama wa bahari ya baridi. Kila nyumba imewasha, mchana kutwa.

Akinisi alikuwa jikoni kwake akikaanga mkate, tumbo lake la miezi minane likigusa jiko. Mumewe Lukasi, mwana wa Maata na dereva wa lori la maji, alikuwa anavua mabuti. Sauti ya Maata ikatoka redioni.

"Mjukuu wangu Siasi kavua. Samaki mnene, jamani, mnene kama Tuumasi wa duka. Sasa aliyemkata kitovu ajitokeze, aje achukue haki yake."

Lukasi aliacha buti moja mguuni. Akinisi hakugeuka.

Simu zikaanza. Mzee mmoja akasema, "Maata, mtoto huyo si alizaliwa kusini?"

"Alizaliwa kusini."

"Basi aliyekata ni daktari. Mtumieni samaki kwa ndege!"

"Daktari atamfanyia nini samaki wetu?" mwanamke mwingine akadakia. "Atamtia ndimu na kumchoma mpaka awe kama soli ya kiatu."

Watu wakacheka, kicheko kikasikika kutoka nyumba ya jirani kupitia ukuta. Tuumasi wa duka naye akapiga simu kusema yeye si mnene, ni koti. Kisha mtangazaji akauliza, bila nia mbaya: "Akinisi si yupo? Yeye ndiye aliyezaa. Akinisi, mpenzi, tupigie utuambie nani alikata."

Lukasi akasema, "Usipige."

Akinisi akapiga. Mafuta yakiungua kwenye kikaango, akasimama na simu sikioni, akajisikia mwenyewe redioni, sauti ikichelewa kidogo.

"Sijui," akasema. "Kulikuwa na pazia."

Mtangazaji akakohoa, akaweka wimbo wa gitaa. Maata akamfunga samaki kwa mfuko wa plastiki, akamtia kwenye jokofu. Samaki akakaa humo.

*

Pazia lenyewe lilikuwa hivi.

Wakati ule kijiji hakikuwa na nyumba ya wakunga. Mimba ikikaribia kutimia, nesi wa zahanati alikuandikia ndege, ukaenda kusini peke yako kusubiri. Akinisi alikuwa na miaka kumi na tisa. Walimweka kwenye hosteli ya wagonjwa wa kaskazini, chumba kimoja na bibi mwenye kansa ambaye alilala muda wote. Alikula chakula kisicho na ladha. Alitembea kutoka kitandani hadi dirishani. Aliona miti mingi mno. Miti inaziba upeo, hujui nani anakuja.

Uchungu ulipoanza walimlaza chali, wakamfunga mkanda wa mashine tumboni, wakatundika pazia la kijani magotini mwake. Alitaka kupiga magoti, kama mama yake alivyomhadithia. Aliinuka. Wakamlaza. Aliinuka tena, wakamlaza tena, kwa upole, kama unavyomlaza mbwa mwenye jeraha. Walisema maneno mengi ya lugha yao na yeye alijua machache. Watu wema. Hilo Akinisi hajawahi kulikana. Hakuna aliyempigia kelele. Lakini hakuna aliyemwambia nini kinatokea, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia, aliamini halimhusu.

Mtoto akatoka upande wa pili wa pazia. Akasikia mkasi. Akasikia kilio. Kisha mtoto akapelekwa chumba kingine kupimwa, akakaa huko.

Baadaye nesi akaja kumuuliza kama atamnyonyesha. Hilo Akinisi alilielewa, kwa sababu nesi alionyesha kifua. Akajibu ndiyo. Sasa, kwetu ndiyo ni kuinua nyusi. Hapana ni kukunja pua. Mtoto wa mwaka mmoja anajua. Akinisi aliinua nyusi. Nesi akauliza tena. Akainua tena, juu zaidi, mpaka paji likauma. Nesi akangoja, akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda kuleta chupa.

Alirudi kijijini na mtoto aliyezoea chupa na maziwa yaliyokwisha kukauka. Mtoto akilia, alisimama naye katikati ya chumba kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwenyewe asiyemjua. Alikuwa na koti la kubebea mtoto, lile lenye mfuko mgongoni, mama yake alilishona kabla hajafariki. Akamtia mtoto humo, mtoto akapiga mayowe, akamtoa. Koti likatundikwa msumarini.

Maata alikuja siku ya kwanza, akamchukua, akamnyamazisha. Alikuja siku ya pili. Kila kilio, Akinisi alimkabidhi mama mkwe. Mwishowe Maata akasema, "Nimlee mimi?" na Akinisi akainua nyusi. Safari hii alieleweka mara moja.

Kulelewa na bibi kwetu si aibu wala si ajabu. Nusu ya kijiji tumelelewa hivyo. Lakini wanaotoa mtoto hutoa kwa moyo mweupe, kama zawadi. Akinisi alitoa kama mtu anayerudisha kitu alichoazima akaogopa kukivunja. Siasi akakua nyumba ya pili kutoka kwake. Siasi alimwita Maata mama. Aliyemzaa alimwita kwa jina tu, Akinisi.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akinisi aliujua uchungu. Mwana ndiye ambaye hakumjua.

*

Siku mbili baada ya mambo ya redioni, Alasi alikuja bila kubisha hodi. Alasi ni binamu wa Akinisi, zamani mpishi wa shule, sasa mkunga. Alijifunza kwa wazee kwanza, kisha akasomea na kufaulu mitihani yote, na kijiji kilipofungua nyumba ya wakunga alikuwa wa kwanza kupewa ufunguo. Akinisi alikuwa amemkwepa tangu mimba ilipoonekana. Alikuwa ameshamwambia nesi wa zahanati amwandikie ndege. Ilikuwa iondoke Alhamisi.

Alasi akajimiminia chai. "Nasikia unanikimbia."

"Sikukimbii."

"Unakimbia kwa ndege kabisa. Wengine hukimbia kwa miguu."

Akinisi hakucheka. "Mimi siwezi, Alasi. Kule wana mashine. Walifanya yote wao, mimi nililala tu. Nikibaki hapa nitafanya nini?"

"Nani alimsukuma Siasi nje? Mashine?"

"Sijui. Sikuona."

Alasi akaweka kikombe chini. Hakutoa hotuba. Alisema, "Lala hapo kwenye kochi," na Akinisi akalala. "Kichwa cha mtoto kiko wapi?"

"Wewe ndiye mkunga."

"Mimi mkunga, tumbo lako. Tafuta."

"Inaruhusiwa?"

"Nani wa kukuruhusu, mjinga wewe? Tafuta."

Akinisi akaweka mikono juu ya tumbo, akagusa kama mtu anayegusa jiko kujua kama ni moto. Chini kulikuwa na kitu kigumu, cha duara. Akakibonyeza, kikacheza kidogo.

"Hiki?"

"Hicho. Na mgongo?"

Ukachukua muda. Upande wa kushoto ulikuwa laini na mrefu. Upande wa kulia kulikuwa na vitu vidogovidogo vinavyorusha mateke. Akinisi akasema, bila kungoja kuulizwa, "Mgongo huku. Miguu huku." Kisha akasema, "Anasikia mkono wangu. Anausukuma."

"Basi mmeshasalimiana," Alasi akasema. "Sikiliza. Damu yako nzuri, presha nzuri, mtoto kakaa vizuri. Ingekuwa vingine ningekupakia mwenyewe kwenye ndege na kukufungia mkanda, na ningekuja na wewe. Nimeshapeleka wawili mwaka huu na sijutii. Lakini wewe huendi kwa sababu ya damu. Unaenda kwa sababu unadhani wewe si kitu. Kwa hilo hakuna dawa kusini."

Akamaliza chai, akachukua kipande cha mkate, akaondoka akitafuna.

Alhamisi Lukasi alipakia begi kwenye gari la theluji. Kiwanja cha ndege kiko nyuma ya kilima, unasikia ndege ikitua. Akinisi alivaa koti, akavaa mabuti, akasimama mlangoni mkono tumboni, upande wa kushoto, pale kwenye mgongo.

"Rudisha begi," akasema.

"Begi lipi?"

"Tuna mangapi?"

Lukasi akatazama begi, akatazama angani ndege ilipokuwa inashuka, akatazama mkewe. "Nimelifunga kwa kamba tatu," akasema.

"Fungua kamba tatu."

Akafungua.

*

Mimba ilipotimia, uchungu ulikuja asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Nyumba ya wakunga ina dirisha linalotazama ghuba. Barafu ilikuwa bado nzima, nyeupe mpaka mwisho wa macho, na mtu yeyote anayekuja ulimwona kabla hajafika. Akinisi aliliona hilo, akatulia kidogo.

Alasi aliuliza nani awemo. Akinisi alisema Lukasi, halafu akasema Maata.

Maata alikuja na birika lake mwenyewe, kana kwamba wakunga hawajui kuchemsha maji. Akakaa nyuma ya Akinisi, magoti yake yakamshikilia kiuno, mikono ikamkanda mgongo. Akinisi alipiga magoti. Hakuna aliyemlaza. Alipotaka kutembea alitembea, alipotaka kunyamaza walinyamaza, isipokuwa Maata, ambaye hawezi.

"Huyu anachelewa kama baba yake. Lukasi alinitesa kutwa nzima. Ona alivyo mpaka leo, hata mabuti anavua moja moja."

"Mama, nipo hapa," Lukasi akasema.

"Najua upo. Ndiyo maana nasema."

Akinisi akacheka, kicheko kikakatwa na uchungu, akanguruma. Uchungu ulikuwa uleule wa kusini. Hilo alilisema baadaye kwa kila aliyemuuliza, hakutaka kudanganya wasichana. Haukupungua hata chembe. Ila kila ulipokuja Alasi alimwambia umefika wapi. Sasa kichwa kinashuka. Sasa kinageuka. Sasa unasikia kuchoma, ni nywele zake hizo. Lete mkono.

Akashusha mkono, akagusa nywele, zimelowa, na kichwa kikiwa bado nusu ndani yake. Akapiga kelele ambayo haikuwa ya maumivu. Maata alisema hajawahi kusikia kelele kama ile, na yeye amesikia nyingi.

"Namsukuma mimi!" Akinisi akasema. "Ni mimi!"

"Ulidhani nani?" Alasi akasema. "Sukuma."

Mtoto akatoka mikononi mwa mama yake mwenyewe, wa kiume. Alasi aliweka mikono chini tu, kama mtu anayekinga chombo kisianguke.

Walingoja kitovu kiache kupiga. Kisha Alasi akashika mkasi. "Nani akate?"

Lukasi alitazama sakafu. Maata alijishughulisha na birika. Alijua hawezi kuchaguliwa. Ameshachukua mtoto mmoja wa mwanamke huyu, nani angempa na wa pili?

"Mama mkwe," Akinisi akasema.

Maata akashika mkasi. "Butu huu," akasema, akiujaribu kwa kidole gumba. Haukuwa butu. Akakata. Akanena neno la mtoto, kama desturi ilivyo: "Huyu atasema wazi anachotaka." Akarudisha mkasi, akafuta pua kwa mkono wa nguo.

Mtoto akaanza kulia, kilio kikali, cha njaa. Maata alinyoosha mikono, kwa mazoea ya miaka. "Lete nimnyamazishe."

"Hapana," Akinisi akasema. "Nitamnyamazisha mwenyewe."

Ilichukua muda. Mtoto aliachia ziwa, akalia, akashika, akaachia. Jasho lilimtoka Akinisi kuliko wakati wa kuzaa. Alasi alikaa kando yake kitandani, bega kwa bega, hakugusa chochote, alisema tu, "Mdomo haujafunguka vizuri. Ngoja. Sasa." Na mtoto akashika, akanyamaza, na katika chumba hakukusikika kitu ila kumeza.

Maata alitazama. Mikono yake ilikuwa bado imenyooka kidogo. Akaishusha.

*

Wiki ya tatu baada ya kuzaa Akinisi alilitungua lile koti msumarini, akalikung'uta vumbi, akamtia mwanawe mgongoni. Akavuka njia hadi kwa Maata. Hakuwa amewahi kuvuka njia ile akiwa na la kudai.

Maata alikuwa anakwangua ngozi ya sili sakafuni juu ya boksi. Siasi alikuwa kando yake akichora.

"Mama mkwe, namtaka Siasi," Akinisi akasema. "Sikujua kama naweza. Sasa najua."

Maata hakuacha kisu. Kilienda, kikarudi, kikaenda. "Sitakuzuia," akasema. "Sina la kukuzuia. Lakini si furushi huyo. Muulize mwenyewe."

Akinisi akachuchumaa. Mtoto mgongoni akakoroma kidogo. "Siasi. Unataka kuja kukaa kwangu? Na ndugu yako?"

Siasi alitazama penseli yake. Kisha akakunja pua. Polepole, bila chuki, kama mtu anayekataa chai.

"Mimi nina mama," akasema, ili kusiwe na shaka.

Akinisi akainua nyusi: ndiyo, nimesikia. Akajishika goti kusimama. Alikuwa ameshafika mlangoni Siasi alipouliza, "Akinisi. Nilipokatwa kitovu, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Mwingine wa hapa kijijini alikuwepo?"

"Hakuna. Nilikuwa peke yangu."

Siasi akaweka penseli chini. Akaenda kwenye jokofu, akachimbua chini ya nyama, akamtoa samaki kwenye mfuko wa plastiki, mgumu kama ukuni, barafu imemganda machoni. Akamleta kwa mikono miwili.

"Basi ni wewe," akasema.

Maata akaacha kisu. "Haya," akasema, "mpokee, mwanamke. Unamwacha mtoto amesimama?"

Na Akinisi akampokea. Alifanya kama desturi inavyotaka. Akapiga kelele mpaka mtoto mgongoni akaamka. Akamng'ata samaki palepale ubavuni, meno yakauma kwa baridi, akatoa kipande, akatafuna. Akamsifu: mikono gani hii, macho gani haya, nani mwingine ziwani ana bahati kama hii, wavuvi wote wajifiche. Akamnenea neno lake, lililochelewa miaka saba: "Huyu hatapotea kwa watu wake." Siasi alicheka, akazungukazunguka chumbani kwa furaha, kisha akarudi kukaa kando ya Maata, akamlalia begani.

Akinisi alivuka njia kurudi kwake, mtoto mgongoni, samaki kwapani.

Hesabu yake ni hii. Safari ya kusini ilimpa mtoto mzima asiye na kasoro, na hilo alishukuru maisha yake yote. Ilichukua maziwa ya mtoto huyo, yote. Ilichukua jino lake la kwanza na hatua yake ya kwanza, ambavyo Akinisi aliviona kama jirani, amesimama mlangoni. Ilichukua miaka saba ya kujiona si kitu. Ilichukua neno mama kutoka mdomo mmoja, na halikurudi. Kilichorudi ni samaki mmoja, na Akinisi alimla mpaka akabaki mifupa.